Jinsi ya kutoka kwenye nyambizi iliyozama: kifaa cha Davis hatua kwa hatua

Karibu tena. Somo la leo nimelipanga kama alivyofundishwa baharia wa Uingereza miaka ya 1930, na baharia huyo ni wewe. Nyambizi yako imegongwa, imelala kwenye kina cha mita 40, na mlango wa dharura uko juu ya kichwa chako. Nitakuelekeza mpaka utoke. Tafadhali, hii ni historia ya kutazama tu. Usijaribu chochote bwawani wala baharini: oksijeni tupu, ukiivuta chini ya mita kama 10, inaweza kukutia degedege ukafa maji.

Tukikague kwanza kifaa chenyewe, cha kupumulia chini ya maji. Simamisha video hapa uione picha vizuri. Kilibuniwa na Robert Davis wa kampuni ya Siebe Gorman, na jeshi la majini la Uingereza likaanza kukitumia mwaka 1929. Huu mfuko wa mpira unakaa kifuani. Ndani yake mna kopo la dawa ya kunyonya hewa ukaa unayoitoa, na chini yake pamelazwa mtungi mdogo wa oksijeni. Hewa ile ile inazunguka: unaitoa, inasafishwa, inaongezwa oksijeni kidogo, unaivuta tena.

Hatua ya kwanza, vaa. Kamba shingoni, mkanda kiunoni, ukaze. Ng'ata kipande cha mdomoni kwa meno, midomo ikizibe pande zote pasipite hata tone. Bana pua kwa kibanio, kisha miwani. Lakini oksijeni usiifungulie mapema, maana utasubiri sana, na mtungi ni mdogo. Utaona sasa hivi kwa nini.

Hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote: fungulia vali, uyaingize maji ndani.

Najua, moyo unakataa. Tupige hesabu. Kwenye mita 40, maji yanaukandamiza mlango kwa presha inayozidi ya ndani kwa takriban kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba. Kama mlango una kipenyo cha sentimita 60, huo ni mzigo wa tani 11 hivi. Hakuna bega la mwanadamu linaloweza kuusukuma. Maji yakiingia yanaibana hewa iliyobaki chumbani, presha ya ndani inapanda, na ikilingana na ya nje, mlango unafunguka kwa mkono.

Jambo hili Wilhelm Bauer, Mjerumani aliyebuni nyambizi, alilijua tangu tarehe 1 Februari 1851, chombo chake kilipozama bandarini Kiel, Ujerumani, akiwa na wenzake wawili. Hawakuwa na kifaa chochote. Wenzake hawakutaka kusikia habari ya kuongeza maji, akakaa nao saa kadhaa mpaka wakakubali. Wote watatu walitoka hai.

Sasa twende China, karibu na Weihaiwei, tarehe 9 Juni 1931. Nyambizi ya Uingereza HMS Poseidon iligongana na meli ya mizigo ikazama. Kwenye chumba cha mbele cha topido, yaani makombora ya chini ya maji, walibaki mabaharia waliokuwa na vifaa vya Davis, wakiongozwa na Patrick Willis. Aliomba dua pamoja nao, akahakikisha kila mmoja anajua kukitumia kifaa chake, akatandaza kamba ya waya chini ya mlango ili wapate pa kusimama, kisha akaanza kuingiza maji. Saa mbili na dakika 10 zilipita, na maji yalikuwa yamefika magotini tu. Wakajaribu mlango: ukafunguka kidogo, wakapita wawili, presha ikaubamiza ukafunga. Ikabidi kusubiri tena saa nzima, hadi maji yakakaribia shingo na mitungi ya wengine ikawa imekwisha. Jaribio la pili likawatoa wanne, Willis akiwa mmoja wao. Kati ya hao sita waliotoka, walionusurika ni 5. Willis alitunukiwa Nishani ya Albert, na mimi naona aliistahili kwa yale masaa matatu kuliko kwa kupanda kwenyewe.

Nyambizi nyingine zilikuwa na bomba pana la turubai, linaloshushwa kutoka mlangoni kama mkono wa kanzu. Ukiwa nalo, lifunge chini kwa kamba kabla maji hayajapanda. Hewa iliyobanwa itabaki chumbani kwa ajili ya wenzako, nawe utainama, upite chini ya ukingo wake, upande.

Hatua ya tatu, toka. Kunjua kitambaa cha mpira kilichoviringishwa kwenye kifaa chako, ukishike mbele yako kwa mikono yote miwili. Kinakupunguzia mwendo. Usiharakishe, na kamwe usizuie pumzi. Hewa ya mapafuni kwenye mita 30 inakuwa mara nne ikifika juu. Ukiibana, mapafu yanapasuka.

Hapo ndipo historia ya kifaa ilipogeuka. Mwaka 1946 kamati ya jeshi la majini ilichunguza ajali za vita na kuona kwamba waliopanda bila kifaa walinusurika sawa na waliokuwa nacho. Basi mafunzo yakawa kupanda huku ukitoa pumzi mfululizo, na mwaka 1954 likafunguliwa tangi la kina cha mita 30 huko Gosport, wakufunzi wakiwa majini pembeni kumwangalia kila mwanafunzi.

Video ijayo tutaenda Marekani, mwaka 1939, kwenye nyambizi USS Squalus. Ilizama mita 74, na watu 33 wakatolewa kwa kengele ya chuma, yaani chumba cha uokoaji, iliyoshushwa kutoka juu. Nitakuonyesha ilivyonasa kwenye mlango bila kuvuja.