Mkate Chini ya Mretemu

(Mhadhara uliotolewa kwa waumini, Tukuyu, mkoani Mbeya)

Bwana Yesu asifiwe! Asanteni. Sogeeni mbele kidogo, maana baridi hii ya Julai haina adabu, na mvua ikianza kulipiga bati hili hamtanisikia tena.

Mmenipa mada nzito: amani na ujasiri wakati wa shida. Nilipoletewa barua nilicheka. Mimi ndiye niliyekaa miezi mitatu bila kukanyaga kanisani, leo mnaniita nifundishe ujasiri? Mzee wa kanisa akanijibu, "Ndiyo maana tunakuita wewe, Mwalimu."

Basi nianzie baharini. Tarehe 25 Januari 1736, meli moja ilikuwa Atlantiki ikielekea koloni la Georgia, Marekani. Alikuwamo kasisi kijana wa Kiingereza, John Wesley, na kundi la Wamoraviani, Wakristo kutoka Ujerumani, watu wa ushirika uleule uliokuja kutia mguu hapa Rungwe mwaka 1891. Jioni ile Wamoraviani wako katika ibada, zaburi imeshaanza, mara bahari ikaifunika meli, tanga kuu likapasuka, maji yakamwagika ndani. Waingereza wakapiga mayowe. Wale Wajerumani wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley akamwuliza mmoja wao: hukuogopa? Akasema, namshukuru Mungu, hapana. Na wanawake na watoto wenu je? Akajibu kwamba nao hawaogopi kufa.

Wahubiri tunaipenda sana habari hii. Tunaifikisha hapo, kisha tunasema: imbeni kama wale! Lakini hebu mtazameni Wesley. Msomi wa Oxford, ana joho lake, na anatetemeka, mwenyewe hakuficha. Alikaa na swali lile zaidi ya miaka miwili, mpaka Mei 1738 huko London, ndipo akaandika kwamba moyo wake umepata joto ambalo hakulizoea. Miaka miwili! Sisi mtu akizika Jumatatu, Jumapili tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda.

Tena kuna jambo Wesley alilolishika kabla ya dhoruba, nasi hulipita haraka. Wale Wamoraviani walikuwa wakiwatumikia abiria wenzao kazi za chini ambazo Mwingereza asingezigusa, na wakipewa malipo wanakataa. Nadhani ujasiri wa jioni ile ulianzia huko, kwenye ndoo na matambara.

Hata hapa kwetu mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1916, vita kuu vilipofika milima hii, Waingereza waliwakamata wamisionari wa Kijerumani wakawaondoa. Ibada zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Naamini baadhi yao waliogopa. Hata hivyo, Jumapili ilipofika, walikusanyika.

Sasa fungueni 1 Wafalme 19. Eliya ametoka mlima Karmeli, amewashinda manabii 450 wa Baali, moto umeshuka mbele ya watu wote. Malkia Yezebeli akatuma ujumbe mmoja tu wa kumtishia kifo, na shujaa akatimua mbio hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake. Akaketi chini ya mretemu, kijiti ambacho kivuli chake hakimtoshi hata mbuzi, akaomba afe. "Yatosha," akasema. Kisha akalala.

Angalieni Mungu alivyofanya. Hakumkemea kwa imani haba. Hakumkumbusha Karmeli. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena! Nikisoma hapo huwa natabasamu: mtu ameamshwa na malaika, anakula, anarudi kulala, na hagombezwi. Malaika akaja mara ya pili: ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Mazungumzo yalikuja baada ya siku arobaini, huko Horebu, kwa ile sauti ndogo, ya utulivu. Lakini mkate ulitangulia.

Nalisema hili kwa sababu mwaka wa msiba wangu nilikuwa nimekodi ekari tatu za viazi kule Isongole, mbegu na mbolea kwa mkopo wa kikoba. Mvua hazikukata. Ugonjwa wa ukungu ukaingia kwenye viazi, mnaujua, leo shamba la kijani, keshokutwa kama limemwagiwa maji ya moto. Vichache vilivyopona vilikwenda kwa lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, kwa bei ya kutupa. Katika hali hiyo mke wangu akaugua, na sikurudi naye nyumbani.

Watu walikuja, walilia nami, siwadai kitu. Wengi waliniambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli haina. Ila siku ile neno hilo lilinifunga mdomo, maana ningemwambiaje mtu baada ya hapo kwamba silali? Maturubai yaliposhushwa nikafunga mlango. Biblia niliiweka juu ya kabati, nisiione.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani. Alikuja asubuhi ya kwanza na sufuria ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, ya moto. Hakuomba, hakunukuu andiko. Alisimama mlangoni akasema, "Ugonile, mwanangu?" Wenyeji mnajua salamu hiyo inauliza nini: umelala? Nami nikaitikia kama tunavyoitikia wote, nikapokea sufuria, akaondoka. Kesho yake hivyohivyo. Ndizi, magimbi, siku nyingine chai tu. Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikaingia.

Asubuhi moja kulikuwa na ukungu, mlima Rungwe hauonekani, akafika amejifunika kitenge kichwani. "Ugonile?" Nikasema, "Hapana, bibi. Tangu tumzike sijalala."

Hakushtuka. Aliweka sufuria chini, akavua ndala zake, akaingia. Akatafuta vijiko viwili.