Maji ya Bati, Majani ya Mwembe

(Mazungumzo na wakazi wa mtaa mmoja wa Tabata, Dar es Salaam)

Mwenyekiti wetu wa mtaa, mabalozi, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, habari za asubuhi. Nimeambiwa nizungumzie mazingira. Ukilisikia neno hilo unafikiria Serengeti, au kiongozi anayepanda mti mbele ya kamera. Mimi leo sitoki nje ya geti lako.

Nianze na kosa langu. Nilipomaliza kujenga nilitandaza pevingi, yale matofali ya zege ya kutandika chini, uwanja mzima, ukuta hadi ukuta. Kupendeza, kulipendeza. Masika ya kwanza maji yakakosa pa kuzama, yakapita chini ya geti hadi sebuleni kwa jirani wa bondeni. Asubuhi akaja na zulia lake begani, linachuruzika. Hakusema neno. Alilianika juu ya ukuta wangu, akaondoka. Ilipofika Januari zile pevingi zikawa zinakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Feni haizimwi, uniti za umeme wa luku zinayeyuka. Nikamrudisha fundi yuleyule ang'oe upana wa futi nne kandokando ya ukuta. Kuweka nililipa, kung'oa nikalipa.

Na maji hayaishii kwa jirani. Yakitoka huku kwetu yanashuka mto Msimbazi, na Msimbazi ukijaa, barabara ya Jangwani haipitiki, mabasi ya mwendokasi yanasimama. Halafu sisi hao hao, Oktoba na Novemba 2022 mto Ruvu unaotuletea maji ya bomba ulipopungua, tulipanga madumu usiku na kugombea maboza ya maji.

Naomba tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ya hapa si ajabu, inakupa lita 1,600. Toa yanayorukia nje na yanayovuja kwenye gata, bado simtanki la lita 1,000 limejaa na mengine yanamwagika. Mvua moja hiyo! Maji hayo yafulie, yamwagie chooni, yanyweshee bustani. Ila ya dakika za mwanzo yaache yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha kunguru, na kunguru wa Dar mnawajua. Mdomo wa tanki ufunge kwa wavu wa chandarua. Mbu wa homa ya dengi hataki dimbwi chafu, anataka maji safi yaliyotulia kama hayo yako, tena anauma mchana. Mwaka 2019 alitulaza wengi.

Sasa majani. Kila alfajiri nasikia fagio za chelewa, baada ya muda nasikia harufu ya moshi. Umefagia majani ya mwembe, umeyatia kiberiti, mtoto wa jirani mwenye pumu anakohoa. Jumamosi unakwenda kununua samadi kwa kiroba ili mchicha wako uote. Udongo wetu mwingi ni kichanga, ukimwagilia asubuhi mchana umekauka, na dawa yake ni hayo majani uliyochoma.

Yaozeshe yawe mboji: chimba shimo la kina cha goti, kivulini. Tandaza majani makavu, juu yake maganda ya ndizi, ya viazi, mabua ya mchicha, kisha makavu tena, na makavu yawe mengi kuliko mabichi. Nyunyiza maji mpaka ukikamua kwa kiganja lisidondoke zaidi ya tone moja au mawili. Nyama na vichwa vya samaki usitie, utafuga panya. Chomeka kijiti katikati, siku ya nne kichomoe ukishike: kikiwa na joto, kazi inaendelea. Kikinuka kama yai viza, umezidisha maji, ongeza makavu na ugeuze. Kwa joto letu hili, miezi miwili au mitatu unachota kitu cheusi kinachonukia kama ardhi baada ya mvua.

Kuhusu mkaa tutaongea siku nyingine, maana maharage ya kwangu bado yanachemkia jikoni la mkaa na mke wangu amekaa pale nyuma ananiangalia.

Kuna mama ameuliza: na sisi wapangaji, tusio na hata hatua mbili za uwanja? Mama, tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, itoboe chini na ubavuni, hiyo ndiyo shimo lako. Matembele yaoteshe kwenye kiroba cha mchele, chomeka tu vipande vya shina. Baba mwenye nyumba akipandisha kodi, unahama na bustani yako.

Haya, twendeni nyuma ya ofisi, nimechimba shimo jana. Wenye viatu vya kanisani wapite kushoto, kulia kuna tope.