Injini ya gari la kuunga inazima ikipata moto: usiifungue kwanza

Habari zenu wadau. Swali ni lile lile, limejaa huko chini mpaka nimeona lijibiwe kwa video nzima: "Kaka, gari la kuunga, injini ya Ford ya zamani. Asubuhi inawaka freshi, ikipata moto inamisi halafu inazima. Nifungue injini?" Pembeni ya swali wapo wanaosema najionyesha, na wapo wanaosema nalalamika ilhali niko Ulaya. Jamani, hakuna cha kujionyesha hapa. Hii ni Dutton, gari la Sussex, Uingereza, lililouzwa kwa vipande miaka ya 1970 na 1980. Mtu alinunua chasisi na bodi la faiba, injini, giaboksi, ekseli na usukani akavitoa kwenye Ford Escort iliyooza, akaunga uani kwake. Na anayeona gharama nikizitaja nalalamika, basi asikilize tu upande wa ufundi.

Injini yenyewe ni Ford Kent 1600, ile ya Crossflow. Wazee wa Nairobi na Dar wanaijua familia hii. Cortina GT iliyoshinda Safari Rally mwaka 1964 ilikuwa na ndugu yake, na injini ya Escort RS1600 aliyoshinda nayo Hannu Mikkola mwaka 1972 ilijengwa juu ya bloku ya Kent. Ni injini ngumu. Ndiyo maana nasema usiifungue. Kwenye gari la kuunga, wa kumtilia shaka kwanza ni yule aliyeunga.

Anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kwenye Escort bodi zima ni chuma, umeme unarudi popote. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa na kila geji inataka waya wake wa kurudi, na injini inataka mkanda mnene kwenda kwenye chasisi. Mkanda ukikatika au ukifungwa juu ya rangi, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na mara nyingi unapitia kwenye kebo ya pedali ya mafuta au ya choki. Ukigusa kebo baada ya kupiga stata ukaikuta ya moto, umeshapata jibu. Dalili nyingine ni geji ya joto kupanda pale unapowasha taa. Watu wanabadilisha themostati, wanabadilisha rejeta, na maji hayakuchemka hata siku moja!

Kupima ni hivi. Chomoa waya wa koili (ile inayokuza umeme wa betri uwe cheche) injini isiwake. Multimita iweke kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, usiguse klempu, ncha ya pili kwenye chuma kisafi cha bloku. Mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.3 hivi, kuna upinzani njiani. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu.

Sasa koili, maana hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotelea. Escort nyingi zilikuwa na waya wa ukinzani kati ya swichi na koili, na koili yake ni ya omu 1.5 hivi. Aliyeunga akiweka nyaya zake mpya, ule waya anautupa bila kujua kazi yake. Koili ya omu 1.5 ikipewa volti 12 kamili inachemka, na pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili) zinaungua. Kinyume chake pia kipo: waya wa zamani umebaki, mtu kanunua koili ya kawaida ya omu 3, cheche inakuwa dhaifu. Kwa hiyo chomoa nyaya zote mbili ndogo za koili, pima omu kati ya vichwa vyake, halafu zirudishe na upime volti zinazofika pale wakati pointi zimefungana na swichi imewashwa. Koili ya omu 3 inataka volti za betri karibu zote. Koili ya omu 1.5 inataka kama nusu tu.

Injini ikizima ya moto, usisubiri ipoe, maana ikipoa ushahidi umeondoka. Hapo hapo toa plagi moja, iunge na waya wake, ilaze kwenye bloku mbali na mvuke wa petroli, piga stata. Cheche ya buluu yenye mlio ina maana umeme upo, nenda kwenye mafuta. Ikiwa ya njano, nyembamba, au hakuna kabisa, ni koili au kondensa (kikopo kidogo kinacholinda pointi). Kondensa ni kitu kidogo cha bei ndogo, na tabia yake ni kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa.

Upande wa mafuta, fungua kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kwenye kabureta, vuta kebo ya pedali kwa mkono. Usipoona petroli ikiruka, chumba cha kabureta ni kitupu. Hapo fuata mpira wa mafuta kwa macho mpaka kwenye tangi. Kwenye Crossflow kabureta iko upande mmoja na ekzosi upande wa pili, hivyo petroli haina sababu ya kupita penye joto. Ukikuta mpira umekatiza juu ya ekzosi, uhamishe. Tena tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hiyo inalainisha mipira ya zamani, vipande vinakwenda kuziba jeti (vitundu vya kabureta). Weka mpira ulioandikwa SAE J30 R9, unaostahimili ethanoli, na ujaze E5, yenye ethanoli kidogo zaidi. Inauzwa ghali zaidi, najua. Kizimamoto kiwe karibu, faiba inawaka haraka mno.

Yote hayo yakiwa sawa ndipo upime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, toa plagi zote nne, funga geji ya kompresheni kwenye silinda moja moja, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata mpaka sindano isimame. Tofauti kati ya silinda ina maana kuliko namba yenyewe: ya chini ikipungua zaidi ya asilimia 15 hivi kutoka ya juu, kuna kazi. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda hiyo, rudia. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, ni gasketi ya hedi. Ila kabla ya kulaumu valvu, pima tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu: valvu za silinda ya 1 zikiwa zinapokezana (moja inafunga, nyingine inafunguka), unarekebisha za silinda ya 4, na za 2 kwa 3 vivyo hivyo. Tapeti ikiendelea kugonga baada ya kurekebisha, kamshafti imelika, na hiyo ni habari mbaya, kwa sababu vifuasi vyake (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) kwenye Kent vinatokea chini. Injini itashuka.

Makaratasi sasa, na hapa naumia kweli. Gari nyingi hizi zimeandikwa "Ford Escort" kwenye V5C (karatasi ya usajili ya Uingereza) hadi leo. Muuzaji anakwambia karatasi zitarekebishwa tu, anachukua hela, simu hapokei tena. Kurekebisha kunaweza kukupeleka kwenye ukaguzi wa IVA (wa kuidhinisha gari moja moja), ulioanza 2009, wakati gari liliungwa kabla hata ya SVA, ukaguzi uliotangulia IVA, wa 1998. IVA inapima mpaka ukali wa kingo za nje, mviringo usiopungua milimita 2.5. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na karatasi kabla ya kutoa hata pauni moja. Kwangu, karatasi mbovu nashindwa, hata gari liwe zuri vipi. Wewe uwezo wako unaujua mwenyewe.

Na mnaoniambia nilitume Kenya: kanuni inazuia gari la mtumba lililozidi miaka 8. Msinikasirikie mimi.

Ukiniuliza kuhusu injini yako, niandikie namba nne za kompresheni, volti za ethi wakati wa stata, omu za koili, na rangi ya cheche ikiwa ya moto. Bila hizo nitakuwa nabahatisha kwa pesa yako.