Fitina Hukaa Daftarini: Mhadhara kwa Waandishi Chipukizi, Tanga

Assalam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana, hamjambo? Nashukuru mmeacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa nami na joto hili.

Nimeombwa nizungumzie riwaya za fantasia zinazopindua historia, hasa fitina za kisiasa ndani yake. Mnazijua vizuri. Mwandishi anachukua mwaka wa kweli na mji wa kweli, anasema kwamba hapa mambo yalikwenda vingine, kisha anatia majini na uganga. Wengi wenu mnaziandika na kutumiana kwa simu, kipande kwa kipande. Kurasa mlizoniletea nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na nina neno moja la kuwaambia kabla ya mengine: fitina zenu zinakufa mapema, na anayeziua ni uchawi.

Waziri anapanga kumwondoa sultani. Njama inapikwa sura tatu, tamu kabisa. Sura ya nne, binti wa sultani anapewa pete na jini, anatazama ndani ya bakuli la maji, anaona kila kitu, waziri ananaswa. Basi. Watu waliohongwa, ndugu waliogombanishwa, ahadi zilizotolewa usiku, vyote vimekwenda na maji ya bakuli. Sasa mfikirieni msomaji wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, ambaye kwao shamba moja la minazi limewatenganisha watoto wa baba mmoja hadi wajukuu hawasalimiani. Mtu huyo anajua fitina haiishi kwa kuonekana. Mara nyingi kila mtu anaiona, na inaendelea.

Inaendelea kwa sababu kuna anayedai na kuna anayedaiwa. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Nyinyi mnaanza na jambia. Mimi nawaomba muanze na daftari. Kabla hamjaniambia nani anataka kumuua nani, niambieni nani ana deni kwa nani: la fedha, la damu, la chumvi aliyokula nyumbani kwa mtu.

Tuutazame mwaka 1859, Zanzibar. Sultani ni Majid bin Said. Barghash, ndugu yake kwa baba, anakitaka kiti, na ukoo wa Al-Harthi unamuunga mkono. Kuna msichana ndani ya njama hii, dada yao Salme, ana miaka 15 hivi. Hana askari wala shamba la kuhonga watu. Anachokijua ni kuandika, na kuandika amejifundisha mwenyewe kwa siri. Basi barua za njama zinapita mkononi mwake. Nyumba ya Barghash inazingirwa. Anatoroka kati ya wanawake, amevaa nguo zao. Waingereza wanaingia upande wa Majid, njama inavunjika, Barghash anapelekwa Bombay.

Mwandishi mvivu angeishia hapo. Daftari lenyewe halikufungwa. Mwaka 1870 Majid anafariki na Barghash anakikalia kiti. Salme ameshaondoka Zanzibar tangu 1866 na kuolewa na Mjerumani. Mwaka 1885 manowari za Kijerumani zinatia nanga mbele ya jumba la Barghash, na katika msafara huo yumo Salme, anadai urithi wake. Bismarck, kansela wa Ujerumani, anahitaji kisingizio, na Salme ana haki anayoidai kwa dhati. Kaka anakataa kumpokea dada aliyemwandikia barua alipokuwa hana kitu. Miaka 26 imepita! Hakuna jini hata mmoja katika habari hii, na mimi kila nikiifikiria nasisimka.

Mtaniuliza, basi uganga tuuache? Hapana, wanangu. Nataka muutie, lakini muutie kama watu wa huku walivyoujua, kama kitu chenye mwenyewe na chenye bei.

Siku isiyo na mawingu ukielekea Muheza utaiona milima ya Usambara. Kule Vugha, makao ya wafalme wa Washambaa, walitawala Wakilindi, ukoo wa kifalme, na mwanzo wao ni Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu, kigego, aliyeota meno ya juu kwanza na kwa ajili hiyo akaonekana mkosi kwao Ngulu. Alikuja akigawa nyama, akaua simba usiku, wakamfanya mfalme. Tazameni alivyoanza: aligawa nyama. Alipoua simba, watu wa milimani walikuwa wameshakula nyama aliyowagawia, yaani walikuwa wanadaiwa.

Mfalme wa Washambaa alikuwa na mvua. Simaanishi aliomba mvua. Dawa za mvua zilikuwa sehemu ya enzi yake. Wenyewe wana maneno mawili ambayo kila mwandishi hapa inafaa ayaandike ukutani kwake: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme akiwa na nguvu kupita wote, mvua hunyesha na nchi hupona. Wakuu wawili wakishindana, kila mmoja na dawa zake, hali hiyo iliitwa nguvu kwa nguvu, na matunda yake ni njaa. Mnaona uzuri wake? Huo ni uganga na siasa katika sentensi moja. Mkulima wa Bumbuli akitazama mbingu kavu, haulizi mawingu yako wapi. Anauliza kina nani wanagombana.

Na kuna jambo la mazishi. Mfalme akifa, kifo chake kilifichwa mpaka mrithi afikishwe Vugha usiku. Hebu kaeni hapo kidogo. Kuna saa kadhaa, pengine siku, ambapo mfalme amekufa na nchi haijui. Nani anajua? Wazee wachache, aliyemwosha, aliyetumwa kumwita mrithi. Kila mmoja wao ameshika enzi nzima kinywani mwake. Mjakazi akitokwa na neno kisimani, historia inageuka. Sura ya riwaya yako hiyo hapo, na hujahitaji kumwita jini.

Alipofariki Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, mtawala aliyekuwa ameweka wanawe kila upande wa nchi, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Kwa hiyo ma-ami walitakiwa kumpigia magoti mtoto wa ndugu yao. Ami yake mmoja, Semboja, alikaa Mazinde, chini kwenye tambarare, njia ya misafara inapopita kutoka Pangani. Huko kulipita pembe za ndovu, na kulipita bunduki na baruti. Semboja alipomshinda mpwa wake na kuiteka Vugha, hakuhamia Vugha. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde.

Samahani, narudi nyuma. Nimesema mpwa, kwa mwana wa kaka yake hilo silo. Lugha ya ukoo katika riwaya ya fitina ni kama mizani ya dukani, ukiikosea hata kidogo msomaji anakuona. Ami na mjomba si mtu mmoja. Mtoto wa kaka anarithi kiti ambacho ami anakitaka. Mtoto wa dada mara nyingi ni wa ukoo mwingine, na ndiyo maana mjomba anaweza kumficha bila kujipa hasara. Ndugu wa tumbo moja na ndugu wa baba mmoja nao ni mbali. Majid na Barghash walikuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali, na akina mama wale walikuwa na watu wao, na watu wao walikuwa na matumaini.

Turudi kwa Semboja. Kiti kiko mlimani pamoja na mvua. Fedha na bunduki ziko bondeni. Aliyeshinda akachagua bonde. Uamuzi ule unaeleza karne nzima ya pwani hii, na ndipo ninapotaka kuipindulia historia pamoja nanyi.

Tuseme Shekulwavu hakushindwa. Alibaki Vugha na mvua yake, Semboja akabaki Mazinde na bunduki zake, hakuna anayemweza mwenzake. Nguvu kwa nguvu. Katika ulimwengu wetu dawa zinafanya kazi kweli: anayeshika mvua ya Usambara anaweza kuituma au kuizuia hata ng'ambo ya bahari. Lakini kila mvua inayotumwa mbali inapungua nyumbani. Tumeshatia bei.

Sasa inakuja tufani ya Aprili 1872. Hii ni ya kweli: ilivunja merikebu za Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mwenye shamba Unguja ameanguka, mwenye shamba Pemba ameamka tajiri, na msiba haujawagusa sawasawa. Hapo mna nusu ya fitina mnayoitafuta. Sultani anapanda miche upya na miche inataka mvua. Mvua iko Vugha. Njia ya kufika Vugha imekaliwa na Semboja.

Sultani hana fedha taslimu. Forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya Kihindi ya Jairam Shivji, na Majid alikufa akidaiwa nayo. Kwa hiyo mazungumzo ya mvua hayafanywi na sultani. Yanafanywa na karani wa forodha, mtu mwenye miwani na hati nzuri, anayepanda mlima na vitambaa vya kaniki na daftari kwapani. Anampa Shekulwavu mkopo. Dhamana yake ni nini? Mvua za vuli za miaka 10 ijayo.

Ameweka rehani mvua ya watu wake! Mzee mmoja wa Vugha anajua, na mzee yule ndiye aliyemwosha Kimweri. Mnaona tulikofika? Hatujamchoma mtu kisu, na mimi tayari namwogopea kila mmoja wao. Halafu mwaka 1884 wanakuja Wajerumani wa akina Carl Peters na karatasi zao za mikataba, wakitafuta wa kutia alama. Wanapofika katika ulimwengu wetu wanakuta nchi iliyokwisha kuwekwa rehani. Watamwendea mfalme, ami yake, au anayedai? Ningekuwa mimi, ningewapeleka kwa karani.

Kuna binti pale nyuma aliniuliza mlangoni, je, tunaruhusiwa kuwageuza mashujaa? Alikuwa anamfikiria Bushiri wa Pangani. Nimeliwaza tangu asubuhi. Bushiri bin Salim alikuwa wa Al-Harthi, wale wale waliosimama na Barghash 1859. Sultani Khalifa alipowakodisha Wajerumani mwambao mwaka 1888, na kampuni yao ikapandisha bendera yake Pangani mwezi Agosti, Bushiri aliongoza vita. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Sadani alipigana vita hivyo hivyo, akafanya amani mwaka uliofuata, akaishi. Mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4, mwambao ukawa wa Ujerumani.

Jibu langu, binti, ni ndiyo, mgeuze. Mpe ushindi ukitaka. Lakini usimwoshe. Alikuwa na mashamba ya miwa, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Ukimpa ushindi, mtu wa shambani kwake anapata nini? Mtu huyo naye yumo daftarini, na pengine yeye ndiye anayedai deni kubwa kuliko wote. Riwaya ikimsahau, imefanya njama pamoja na mabwana. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wapo wasomaji wenu hapa Tanga ambao bibi zao walikuwa watu wa shambani, na hadi leo nyumbani halisemwi kwa sauti.

Kwa hiyo uchawi wenu muulizeni maswali yale yale mnayomuuliza waziri. Umetoka kwa nani? Umelipiwa nini? Nani atakuja kudai? Bakuli la maji lililomwonyesha binti wa sultani njama nzima, nani alilijaza? Kama ni jini, basi jini ana haja, na haja yake ndiyo sura ya tano. Kurasa za mmoja wenu zimefanya hivyo hasa: mganga anakubali kumficha mfalme asionekane, ila naye kuanzia siku ile haonekani na wanawe. Nilizisoma usiku, nikaziweka chini, nikaenda kuwatazama wajukuu wangu waliolala. Sitataja mwenye kurasa hizo, anajijua.

Sasa kazi. Tuna muda kabla ya adhuhuri. Kwenye meza ile kuna karatasi, kila mtu achukue moja. Wewe ni Salme, ni usiku, 1859, na Barghash anakuambia uandike barua kwa mkuu mmoja wa Al-Harthi. Unaandika anayokuambia. Kisha chini kabisa, kabla ya kuikunja, unaongeza mstari mmoja wa kwako ambao hakukuambia. Andikeni barua nzima. Huo mstari wa mwisho msinisomee mimi. Msomeeni jirani yenu, halafu mtazameni anavyobadilika uso.