Mshahara wa Mhasibu Ulipwe na Nani?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tuliahidi kuwaeleza mambo matatu yanayolipa uzito andiko la mradi, na tutayafikia. Ila niruhusu, Salim, nianze na lililonikuta wiki hii. Mfadhili wa asasi yetu ameirudisha taarifa ya fedha ya robo mwaka huku amekikata kifungu kimoja, nacho ni sehemu ya mshahara wa mhasibu, kwa maelezo kwamba ruzuku ni ya walengwa, si ya ofisi.

SALIM: Pole sana, dada yangu. Huyo ndiye anayetaka kila risiti iambatane na hati ya malipo yenye jina la shughuli?

ZUHURA: Ndiye. Anataka pia orodha za mahudhurio zenye sahihi, bei za wauzaji watatu kabla ya kila ununuzi mkubwa, na ukaguzi wa hesabu kila mwaka. Kazi yote hiyo inapita mezani kwa mhasibu. Mwezi uliopita alirudishiwa hati kwa sababu tarehe ya risiti ilikuwa imefifia, akaenda mwenyewe kwa muuzaji kuomba nakala.

SALIM: Haki itendeke, wapo waliobadilika. Serikali ya Marekani iliwaruhusu wapokea ruzuku wasio na kiwango cha gharama za ofisi walichoafikiana nayo kudai hadi 10% ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja, yaani za mradi wenyewe, kwa ajili ya uendeshaji wa ofisi, na kuanzia 1 Oktoba 2024 ikapandisha kiwango hicho hadi 15%.

ZUHURA: Ikapandisha, kisha tarehe 20 Januari 2025 ikatolewa amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi mingi haikufufuka. Asasi iliyokuwa ikilipwa shughuli tu, isiyo na akiba hata ya pango la mwezi mmoja, ingesimama kwa miguu gani? Ndiyo maana nasema, na nitalisema tena: ruzuku isiyomlipa mhasibu tuikatae.

SALIM: Hapo tunaachana. Ukiikataa, fedha hazirudi kwa wananchi. Zinakwenda kwa shirika kubwa la kimataifa lenye wahasibu kumi, ambalo litaiajiri asasi yako kama mkandarasi mdogo. Mwaka 2016, huko Istanbul, wafadhili na mashirika ya misaada waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za dharura zingewafikia wadau wa ndani kwa njia iliyo fupi kadiri inavyowezekana, na lengo hilo halikufikiwa. Kama mlango ni mwembamba kiasi hicho, tuingie kwanza, kisha tudai tukiwa ndani.

ZUHURA: Tumekuwa ndani miaka mingi, Salim, na mhasibu bado analipwa kwa kujificha, leo chini ya kifungu cha mafunzo, kesho cha ufuatiliaji. Kila anayeficha gharama hiyo anamfundisha mfadhili kwamba haipo, na asasi inayofuata inapewa kidogo zaidi.

SALIM: Na mama anayesubiri msaada wa kisheria, umwambie asubiri hadi tushinde hoja?

ZUHURA: Nimwambie kwamba ofisi itakuwapo mwakani pia. Wafadhili wanaotoa ruzuku huru wapo: Ford Foundation ilianza mpango wa BUILD mwaka 2016, ikatoa ruzuku za miaka mitano zinazoijenga asasi yenyewe, mishahara na mifumo ikiwamo.

SALIM: Hao ni wachache, na asasi ndogo hawaifahamu hata kwa jina. Sijashawishika.

ZUHURA: Wala mimi.

SALIM: Fundi anatuonyesha kwamba zimebaki dakika mbili, na hatujagusa andiko la mradi hata kwa sentensi moja.

ZUHURA: Tuliache. Wasikilizaji walio kwenye asasi, tuandikieni mhasibu wenu analipwa kutoka kifungu gani. Majina yenu hatutayataja.