Mtu wa Kijiti

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, na mwenzangu ni yule yule Baraka, ila leo kaja kanuna.

BARAKA: Sijanuna, nimedhalilishwa. Jumamosi nimesimama na maikrofoni kwenye sherehe ya ndugu yangu, ndiyo kwanza nawashukuru wakwe, nasikia muziki unapanda. Kidogo kidogo, mara kwa nguvu. Watu wakaanza kucheza, mimi bado naongea!

ZUHURA: Ulikuwa umeongea kwa muda gani?

BARAKA: Hilo si swali.

ZUHURA: (anacheka) Haya, nishajibiwa.

BARAKA: Tuingie kwenye mada. Leo ni Ian Fraser, mzaliwa wa Hove, Uingereza, aliyekwenda kuongoza okestra na kupanga muziki wa vipindi vya televisheni Marekani. Tuzo za televisheni za Emmy 11, kateuliwa mara 32. Nimeandika mafunzo matatu kutoka kwenye kazi yake. La kwanza...

(Kalamu inagonga meza.)

ZUHURA: Muda!

BARAKA: Dada, weka hiyo kalamu chini.

ZUHURA: Leo si kalamu, ni kijiti cha kuongozea okestra. Umenikumbusha Bill Conti, yule wa muziki wa filamu ya Rocky. Kaongoza okestra ya tuzo za filamu za Oscar mara 19, ile inayopiga muziki kumkatisha mshindi anayeongea mno. Mwaka 2001 mwigizaji Julia Roberts kapata tuzo, akamgeukia pale pale jukwaani, akamwambia kazi yake nzuri ila ni mwepesi mno wa kijiti, hebu akae, maana huenda yeye asifike tena pale. Akambandika na jina: mtu wa kijiti.

BARAKA: Alifanya la maana. Mimi Jumamosi nilikosa ujasiri huo.

ZUHURA: Lakini Conti ana kosa gani? Ana hedifoni masikioni. Mwongozaji wa matangazo yuko chumba cha mitambo, macho kwenye saa. Akisema anza, mkono unanyanyuka.

BARAKA: Mkono wa nani?

ZUHURA: Wa mwajiriwa.

BARAKA: Mkono wake! Mtu aliyezoea kupumua pamoja na waimbaji anajua sentensi inakatikia wapi. Angoje pumzi moja tu.

ZUHURA: Pumzi moja kwa huyu, pumzi moja kwa yule, matangazo yanaisha alfajiri.

BARAKA: Na yaishe.

(Kalamu.)

BARAKA: Zuhura!

ZUHURA: Ngoja, kuna kitu hapa wasikilizaji hawakioni. Mshindi hajulikani hadi bahasha ifunguliwe, sivyo? Kwa hiyo kila mteule anaandaliwa muziki wake wa kupandia jukwaani. Filamu tano zinashindana, vipande vitano viko tayari, vinne havitapigwa. Na kila kipande kuna mtu kakaa akakigawa: fidla hivi, tarumbeta hivi. Klarineti ya kawaida yenyewe unaiandikia noti iliyo juu kwa toni moja kuliko unayotaka isikike. Ukisahau, okestra nzima inaharibika mbele ya dunia. Halafu jina linatajwa, wote wanachomoa karatasi ile ile, wanaingia kabla makofi hayajapoa. Na wewe unazungumzia pumzi!

BARAKA: Sasa hapo umenisaidia. Mtu mwenye wepesi huo wa kuanza ashindwe kungoja?

ZUHURA: Anaweza. Si uamuzi wake.

BARAKA: Basi tuje Oscar za 2013. Okestra haikuwa hata ukumbini. Ilikuwa jengo la Capitol Records, kama maili moja hivi kutoka hapo. Waliofanya picha za kompyuta za filamu ya Life of Pi wanapokea tuzo, mmoja anafika kwenye habari ya kampuni yao inayofilisika, unaingia muziki wa yule samaki papa wa filamu ya Jaws.

ZUHURA: Hapo unamlaumu nani? Kiongozi wa okestra anamwona mshindi kwenye skrini tu!

BARAKA: Hiyo ndiyo hoja yangu. Julia Roberts alimwomba Conti kwa sababu alimwona. Yuko mbele yake, macho kwa macho. Ukimhamishia mwanamuziki jengo lingine, mshindi amwombe nani? Ukuta?

ZUHURA: Amwombe mwongozaji, ndiye mwenye saa. Na Roberts mwenyewe alikosea mtu. Alimwonea Conti mbele ya mamilioni.

BARAKA: Alimwonea?

ZUHURA: Alimwonea.

BARAKA: (kimya) Sikubali.

ZUHURA: Wala sijakuomba ukubali.

BARAKA: Mwanamuziki si swichi, Zuhura.

ZUHURA: Na kipindi si mali yake, Baraka.

(Kimya. Kalamu, mara mbili.)

BARAKA: Hiyo ya nini sasa?

ZUHURA: Hiyo ya kweli. Tumebakiza dakika mbili.

BARAKA: Na Fraser? Mafunzo yangu matatu?

ZUHURA: Yaache. Toa kisa kimoja.

BARAKA: Septemba 1977, wanarekodi kipindi cha Krismasi cha mwimbaji Bing Crosby huko Uingereza. Mgeni wake, mwimbaji David Bowie, hataki kuimba wimbo wa Krismasi Little Drummer Boy. Fraser na wenzake Larry Grossman na Buz Kohan wakatafuta piano, na kwa saa moja na robo hivi wakamtungia Bowie wimbo mwingine, Peace on Earth, unaoimbwa sambamba na ule ule alioukataa, huku Crosby akiendelea nao. Crosby akafariki mwezi uliofuata, kipindi hakijarushwa.

ZUHURA: Saa moja na robo, kwa sababu studio ilikuwa na ratiba. Ya mwongozaji.

BARAKA: Usianze tena.

ZUHURA: Tuandikieni, nani mwenye kosa: kijiti au saa?

BARAKA: Swali limeegemea upande.

ZUHURA: Wiki ijayo, wasikilizaji.