Kaunda suti ya mzee: namna ya kuirekebisha na kuivaa leo

Karibu sana. Hii iliyoko mezani ni kaunda suti ya miaka ya sabini: koti la mikono mifupi, kola pana yenye ncha, mifuko minne ya kubandika yenye vifuniko, na suruali yake ya bugaluu, yaani yenye miguu mipana chini, ya rangi hiyohiyo ya kahawia. Nyumba nyingi zinayo moja kama hii, imelala sandukuni tangu mwenyewe aache kuivaa. Nyingine utazikuta kwa wauza mitumba, zimefunikwa na majaketi ya jinzi. Leo tunaitoa, tunaipima, tunaishona kidogo, halafu tunaivaa barabarani bila mtu kukuuliza igizo linaanza saa ngapi.

Tukubaliane jambo moja kabla hatujaanza. Ukale wa nguo hii uko kwenye kitambaa, kwenye kola na kwenye mifuko. Vitu hivyo vitatu hatuvigusi. Usasa tutautafuta kwenye namna inavyokukaa mwilini, na kwenye vitu utakavyovaa nayo. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kufumua, kukunja na kushona. Hakuna kukata. Mkasi ni wa uzi tu.

Andaa futi kamba, pini, chaki ya fundi, wembe mpya wa kufumulia, sindano, uzi wa rangi ya kitambaa, pasi na kipande cha shuka la pamba. Ukiwa na cherehani, vizuri. Kama huna, pima na ubane pini mwenyewe nyumbani, kisha mpelekee fundi nguo ikiwa na pini zake. Fundi akikuta pini anafuata pini. Asipozikuta anafuata mazoea yake.

Hatua ya kwanza ni kukagua. Shika koti dhidi ya dirisha, mwanga upite kwenye kitambaa. Tundu la nondo utaliona mara moja, na sehemu iliyokwisha kwa kuvaliwa itaonekana nyepesi kuliko zenzake. Angalia kwapani, kwenye mkunjo wa kola, kwenye makalio ya suruali na pale mfuko ulipobandikwa, kwa sababu mfuko uliobebeshwa funguo na pochi kwa miaka huwa unavuta kitambaa cha chini yake. Kisha shika mshono wa ubavu kwa mikono miwili uuvute taratibu. Uzi ukikatika, hiyo si shida, uzi unashonwa upya. Kitambaa chenyewe kikianza kuachia, acha hapo hapo. Hiyo ni nguo ya kutunza na kuonyesha wajukuu. Chukua vipimo vyake, mwisho wa video nitakwambia cha kuvifanyia.

Sasa tujue ni kitambaa gani, maana joto la pasi linategemea hilo. Geuza pindo la ndani, chomoa nyuzi mbili tatu zilizoning'inia, ziweke kwenye sahani ya bati, pembeni uwe na maji, uziwashe. Zikiungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Zikinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Zikiyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu cheusi, hiyo ni tetroni, yaani poliesta, na usikishike kidonge kabla hakijapoa. Suti nyingi za wakati ule ni mchanganyiko wa tetroni na pamba, kwa hiyo usishangae ukipata majivu na kidonge kwa pamoja.

Tetroni haipendi pasi ya moto. Inang'aa, na mng'ao ukishaingia hautoki. Hapa kwenye mkunjo wa suruali unaona mstari unaometameta? Aliyeipiga pasi zamani alibonyeza juu ya kitambaa moja kwa moja. Sisi tutaipiga kwa ndani, moto wa kati, na lile shuka la pamba lenye unyevu likiwa katikati ya pasi na nguo.

Harufu ya naftalini, ile dawa ya nondo, usiipigie vita kwa manukato, utapata harufu mbili. Tundika nguo kivulini penye upepo siku kadhaa, jua kali litapausha rangi. Ikiwa ni pamba au tetroni, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kidogo, suuza, na kwenye maji ya mwisho tia siki nyeupe nusu kikombe kwa ndoo moja. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiitie kabisa, hata doa liwe kubwa namna gani. Suti ya sufu mpelekee dobi anayesafisha bila maji.

Sasa tunafika penye kazi.

Vaa koti juu ya fulana au shati utakalolivaa nalo kweli, funga vifungo, simama wima mbele ya kioo. Anza na mabega. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita kwa sentimita 1 au 2, uache, hilo ndilo umbo lake na linapendeza. Ukipita zaidi ya hapo, ushauri wangu ni kutolirekebisha bega, kwa sababu itabidi kung'oa mkono mzima, na kwenye kitambaa cha miaka hamsini matundu ya sindano ya zamani hayazibi. Koti hilo litakuwa la kuvaa wazi, bila kufunga vifungo, mikono imekunjwa, na nitarudi kwake.

Mabega yakikaa, nenda ubavuni. Makoti haya yalishonwa kushuka kama sanduku, na hapo ndipo jicho la leo linapokataa. Bana kitambaa kwa vidole pande zote mbili kwa pamoja, kuanzia chini ya kwapa kushuka hadi kiunoni, kisha uachie taratibu hadi kwenye pindo. Tia pini. Sikiliza hesabu hii vizuri: ukibana sentimita 2 upande mmoja, umepunguza sentimita 4, kwa kuwa umeshika kitambaa cha mbele na cha nyuma. Pande mbili ni sentimita 8. Watu wengi wanabana 3 na 3 wakidhani ni kidogo, wakishashona koti halifungi tena. Pima kifua chako, pima koti, na hakikisha koti linabaki na nafasi ya sentimita 10 hivi zaidi ya kifua. Inua mikono, kaa kwenye kiti, jikumbatie. Kikivuta mgongoni, achia pini.

Sasa angalia mifuko ya chini. Ukiingiza ubavu sana, mshono unakaribia mfuko, na mfuko utaonekana umesukumwa pembeni kuelekea mgongoni. Acha angalau sentimita 2 kati ya ukingo wa mfuko na mshono mpya. Kama bado koti ni pana, geuza mgongo. Kukiwa na mshono wa katikati, punguza kidogo hapo badala ya kuendelea kula ubavu. Kama mgongo ni kitambaa kimoja, ridhika na ulichopata. Usishone mshono mpya mgongoni, utaonekana siku zote.

Ukishapata mistari, ichore kwa chaki kwa ndani, fumua pindo la chini kidogo pale ubavuni, shona kwa mshono mrefu wa kujaribia, vaa tena, tembea nayo chumbani. Ndipo ushone wa kudumu. Kitambaa kilichobaki ndani usikikate. Kipige pasi kilale upande wa nyuma, ukishikize kwa sindano hapa na pale. Mwili unabadilika, na koti linaweza kwenda kwa mdogo wako mwenye kifua kipana. Tunaweza kuliona hili koti limeshaachiwa mara moja: tazama, hapa ndani kuna mstari wa mshono wa zamani, na kitambaa kilichokuwa kimefichwa kina rangi iliyokolea kuliko cha nje. Kwa hiyo ukitaka kutanua badala ya kupunguza, funua kwanza uone tofauti ya rangi, maana ukiachia utabaki na utepe wa rangi mbili.

Urefu. Koti la zamani linafunika makalio yote, na mtu mfupi linammeza. Unaweza kulipandisha, lakini mfuko ndio unaoamua. Chini ya mfuko zibaki sentimita 5 au zaidi, la sivyo mfuko utaning'inia kwenye pindo. Mikono mifupi ikiwa imepanuka sana, iingize kwa mshono wa ndani mpaka vidole viwili vipite kati ya nguo na mkono. Kola acha. Najua itakuvutia kuipunguza ncha. Acha. Ipige pasi ilale vizuri, basi.

Suruali sasa, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu habari ni njema: suruali pana zimerudi, bugaluu haihitaji kubanwa. Tatizo lake ni urefu. Hizi zilikatwa zivaliwe na raizoni, viatu vyenye soli nene na kisigino kirefu. Ukizivaa na raba, zinaburuza. Vaa viatu utakavyotumia, kunja pindo kwa ndani mpaka lifunike nusu ya kiatu bila kugusa ardhi, shikiza kwa mkono. Kiunoni ivae juu, usawa wa kitovu, ndivyo ilivyokatwa. Ukiishusha nyongani, sehemu ya mbele inajikunja na umbo lote linapotea. Ukiona lazima upunguze mguu, ingiza mshono wa nje na wa ndani kwa kiasi sawa kuanzia gotini. Ukiingiza upande mmoja tu, mguu utajizungusha kila unapotembea.

Vifungo vya asili vibaki. Kimoja kikipotea, hamisha cha chini kabisa kiende juu, na cha kununua kikae pale chini pasipoonekana.

Nguo iko tayari. Tuvae.

Kanuni yangu ni kipande kimoja cha zamani kwa mara moja. Koti la kaunda na jinzi nyeusi iliyonyooka, fulana nyeupe ndani, viatu vya moka au makubazi ya ngozi. Siku nyingine bugaluu na fulana nyeusi isiyo na maandishi, na raba nyeupe safi. Ukiweka koti, bugaluu, raizoni, miwani mikubwa na chanuo kwenye nywele kwa pamoja, umevaa picha ya studio ya mwaka 1975, na watu wataona picha hiyo, wewe hawatakuona. Ukitaka kuvaa suti nzima, na kweli kuna siku inastahili, basi vingine vyote viwe vya leo na viwe kimya: nywele zako za kawaida, saa ndogo, viatu visivyo na mapambo.

Dada yangu, koti hili ni lako pia. Mwaka 1968 Yves Saint Laurent, mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, aliliweka koti la safari kwenye mitindo ya wanawake, na kaunda suti ni ndugu wa karibu wa koti hilo. Lile nililosema mabega yake yamezidi, hapa ndipo penyewe. Livae wazi juu ya gauni jepesi la kitenge, au lifunge mkanda wa ngozi kiunoni, ukunje mikono mara moja. Koti ni rangi moja, kitenge kina maua, vinaelewana vizuri.

Na walioko Lubumbashi au Goma waliorithi abakosti ya babu, suti isiyovaliwa na tai, kutoka enzi za Rais Mobutu wa Zaire, hatua ni hizihizi. Ila abakosti nyingi zina mikono mirefu na bitana ndani, kwa hiyo fumua bitana kwanza ndipo ufikie mshono wa ubavu.

Angalia tu unakokwenda nayo. Kenneth Kaunda aliivaa suti hii akiwa rais wa Zambia, kuanzia 1964 hadi 1991, mbele ya wakuu wa dunia waliovaa tai, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Lakini Kenya, ambako Rais William Ruto ameifanya izungumzwe upya, Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023. Mimi naiona ni suti kamili. Ilibuniwa kwa watu wanaofanya kazi kwenye joto, wasiohitaji kujinyonga shingo ili waonekane nadhifu. Hata hivyo, kama unakwenda kwenye usaili wa kazi, uliza kwanza.

Kwa yule ambaye kitambaa chake kiliachia pale mwanzo: peleka koti kwa fundi kama sampuli, mwambie asilifumue, apime akiwa amelilaza mezani. Chagua pamba nzito au kitani. Mwambie ukubwa wa kola uwe uleule, mifuko ileile minne, ila ubavu uufuate mwili wako.

La mwisho ni kutunza. Hanga pana ya mbao, mfuko wa kitambaa cha pamba, kamwe usiwe wa nailoni, kwani unafungia unyevu. Majani makavu ya mwarobaini chini ya kabati yanasaidia kufukuza wadudu. Halafu chukua karatasi, uandike ulichokifanya: ubavu umeingizwa sentimita 2 kila upande, pindo la suruali limekunjwa sentimita 4, kifungo cha chini si cha asili. Ikunje, iweke kwenye mfuko wa juu wa kushoto, ili fundi ajaye ajue pa kufumua.